Kibubu ni kimoja, sisi tuko watatu: tununue programu gani ya kurekodi?

Mpendwa Mshauri,

Ninakuandikia nikiwa na jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini nyumbani kwetu limeshafikia mahali ambapo watu wawili ninaowapenda hawasemezani vizuri.

Mama yetu ana umri wa miaka 71. Ameimba tangu nilipokuwa mtoto mdogo, na nyimbo zake nyingi alizitunga mwenyewe. Hazijaandikwa popote na hakuna mwingine anayezijua zote. Miezi 14 iliyopita tulikubaliana watu watatu, yaani mimi, mdogo wangu wa kiume na mjomba wetu, kwamba tuzirekodi nyimbo hizo kwa heshima inayostahili, kisha tuendelee kutengeneza muziki wetu wenyewe. Tukaanzisha kibubu cha pamoja, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kwa mama, nikakabidhiwa kukitunza.

Tatizo ni kwamba hatulingani kabisa kwa ujuzi. Mimi napiga gitaa na kuimba, lakini kwenye kompyuta bado ni mgeni. Nimewahi kutumia Audacity tu, kukata sehemu zisizotakiwa na kuunganisha vipande. Mdogo wangu ana miaka 24 na ni mwepesi mno wa kutengeneza midundo. Anataka tununue FL Studio, tena toleo kubwa. Zamani alikuwa akifanya kazi kwa nakala isiyo na leseni aliyopewa na mtu. Nakala hiyo ikaja na virusi, tukapoteza nyimbo nne pamoja na picha za familia zilizokuwa kwenye kompyuta ile. Aliapa hatarudia, lakini siku hizi kila ninapochelewa kuamua namsikia akisema kwamba kuna rafiki yake anayo nakala nyingine.

Mjomba naye alikuwa fundi mitambo wa studio kwa zaidi ya miaka 20. Kwake yeye hakuna programu nyingine isipokuwa Pro Tools, na anaamini kwamba tukianza na kitu cha bure tutabaki kuwa watoto wa kuchezea. Mjomba si mtu wa kumjibu ovyo. Ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki, na anachangia kibubu kuliko sisi wawili.

Fedha tulizonazo zinatosha kununua programu moja kubwa bila kubakiwa na kitu, au kuchukua programu ya gharama ndogo pamoja na maikrofoni na kadi ya sauti. Kompyuta yetu inatumia Windows, ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, na diski yake inakaribia kujaa. Maikrofoni hatuna, tuna simu zetu tu.

Mwezi uliopita tulikaa kulizungumza. Mdogo wangu alisema kwamba Pro Tools ni programu ya wazee. Mjomba akanyamaza, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga. Mama, aliyekuwa chumba cha pili akisikia kila neno, aliniuliza asubuhi yake, "Hizo nyimbo zangu mtazirekodi lini, mwanangu?" Nilishindwa kumjibu. Nimeanza kusikia kwamba sauti yake inakatika anapopanda juu, jambo ambalo mwaka jana halikuwepo.

Naomba unisaidie, Mshauri. Je, ipo programu moja itakayomfaa mwanafunzi kama mimi, mtaalamu wa midundo na fundi wa zamani kwa pamoja? Na kama haipo, nimwambie nani kwamba hakushinda?

Ni mimi,
Mshika Kibubu

*

Dada Mshika Kibubu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale mama alipouliza swali lake asubuhi. Pole kwa uzito ulionao. Kutunza fedha za watu watatu ni kazi. Kutunza na mioyo yao ni kazi nyingine, na inaonekana umeachiwa zote mbili bila mtu kukuuliza kama utaziweza.

Naomba nianze kwa kuyapanga upya uliyoniandikia, ili kama nimekosea kukuelewa unirekebishe moyoni mwako unaposoma. Umeniuliza programu gani ifae watu watatu. Ndani ya swali hilo naona maswali yasiyopungua matatu. La kwanza ni la kazi: nyimbo za mama zirekodiwe kwa chombo gani. La pili ni la fedha: kibubu kitumike kwenye programu au kwenye vifaa vingine. La tatu, ambalo nadhani ndilo lililomwondoa mjomba bila kuaga, ni nani kati yenu atasikilizwa. Programu haiwezi kulijibu hilo la tatu, hata iwe bora namna gani, na nina wasiwasi kwamba mmeitwisha mzigo usiokuwa wake.

Yapo mambo ambayo barua yako imeyachukulia kuwa kweli, nami ningependa tuyaangalie pamoja kwa utulivu.

Jambo la kwanza ni dhana kwamba programu kubwa hurekodi sauti iliyo bora zaidi. Mjomba, kwa uzoefu wake, bila shaka anajua jinsi sauti inavyosafiri: maikrofoni huigeuza kuwa umeme, kadi ya sauti huupima umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuuandika kama tarakimu, kisha programu huzipokea tarakimu hizo na kuzihifadhi kwenye diski. Mkirekodi kwa sampuli, yaani vipimo, 48,000 kwa sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 24, tarakimu zitakazohifadhiwa na programu ya bure ndizo zile zile zitakazohifadhiwa na programu ya gharama kubwa. Tofauti ya programu hizi ipo kweli, wala sitaki uidharau, lakini iko kwingine. Iko katika wepesi wa kupanga traki nyingi, yaani sauti zilizorekodiwa kila moja kwenye mstari wake, katika ala na madoido (vipambo vya sauti, kama mwangwi) yanayokuja nayo, katika namna ya kuhariri, na katika urahisi wa kupeleka kazi kwa watu wengine. Ule ukweli wa sauti ya mama huamuliwa kabla programu haijaguswa, yaani na chumba, maikrofoni, umbali wa mdomo wake na mkono wa anayerekebisha kiwango cha sauti.

Jambo la pili ni dhana kwamba lazima nyote watatu mtumie programu moja. Sijaona mlipolazimika kufanya hivyo. Mdogo wako anaweza kutengeneza mdundo kwenye programu yake, akautoa kama faili la WAV, yaani aina ya faili la sauti linalofunguka kwenye programu yoyote, nawe ukaliweka faili hilo kwenye programu yako na kuimba juu yake, kisha mjomba akazipokea traki zote na kuzichanganya kwenye programu anayoizoea. Watu wanaofanya kazi wakiwa miji tofauti hupeana kazi kwa njia hiyo kila siku. Masharti yake ni machache: kila faili lianzie sekunde ya kwanza kabisa ya wimbo, hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili, na kasi ya wimbo pamoja na idadi ya sampuli viandikwe ili kila mmoja avijue. Mkiyatimiza hayo, traki zitalala mahali pake bila kuhangaika.

Dhana ya tatu naigusa kwa upole, kwa sababu najua inauma. Ni kwamba nyimbo za mama haziwezi kurekodiwa mpaka uamuzi wa programu ufikiwe. Nitairudia mwishoni.

Sasa tuwatazame hao watu watatu, mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja ana hoja ya haki.

Mjomba anasimamia Pro Tools, na hakosei kuiheshimu. Ilitoka mwaka 1991 ikitengenezwa na Digidesign, leo iko chini ya Avid, na katika studio kubwa za muziki na za filamu bado ndiyo lugha ya wengi. Mtu aliyeijua kwa miaka 20 mikono yake hufanya kazi bila kufikiri, na ustadi huo ni mali. Jambo ambalo huenda hamjaliweka mezani ni kwamba lipo toleo la bure linaloitwa Pro Tools Intro, lenye traki 8 za sauti, 8 za ala na 8 za MIDI, yaani maagizo ya noti yanayoiambia ala ya kompyuta ipige nini. Kwa sauti ya mama, gitaa lako, waitikiaji wawili na mdundo, traki 8 za sauti zinaweza kutosha. Zisipotosha, baadhi ya traki zinaweza kuunganishwa kuwa moja, na kazi hiyo mjomba ataifanya kwa urahisi. Hatari ya njia yake, mkinunua toleo kubwa, ni kwamba leseni yake mara nyingi hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, hivyo kibubu kingelazimika kujazwa upya kila mara, na mngeanza kurekodi bila maikrofoni. Kadhalika, ni programu inayohitaji kompyuta yenye nguvu, na yenu ya gigabaiti 8 yenye diski inayojaa inaweza kuanza kusuasua mkiongeza ala na madoido.

Mdogo wako anataka FL Studio, naye pia namwelewa. Programu hiyo ilianza ikiitwa FruityLoops katika miaka ya 1990, ikitengenezwa na Image-Line ya Ubelgiji, na kwa mtu anayefikiri kwa midundo hupangwa kama akili yake inavyofanya kazi. Ukishanunua leseni, matoleo mapya unayapata bila kulipa tena, na kwa bajeti ndogo hilo si jambo la kupuuza. Lakini hapa nakuomba uwe makini sana na jina la toleo. Lile la gharama ya chini, linaloitwa Fruity, halina uwezo wa kurekodi sauti ya mtu. Anayetaka kurekodi uimbaji moja kwa moja ndani ya FL Studio huanzia toleo la Producer. Wengi hununua la chini kwa furaha, wakaja kugundua hilo siku mwimbaji amekwishafika.

Kuhusu nakala ya rafiki yake, sitamhukumu mdogo wako. Kijana mwenye kipaji asiye na fedha hujaribiwa, na tayari amekwisha kulipia kosa lake kwa nyimbo nne na picha zisizorudi. Ningependa tu ajue kwamba FL Studio ina toleo la majaribio lisilo na kikomo cha siku. Anaweza kutengeneza mdundo wote, akautoa kama faili la WAV na kuuhifadhi mradi wake. Asichoweza ni kuufungua tena mradi aliouhifadhi mpaka awe na leseni, na akiipata, miradi ile ya zamani hufunguka. Ni usumbufu, nakiri. Unamlazimu amalize mdundo kwa mkao mmoja au atoe kila ala kama faili lake kabla hajaifunga programu. Hata hivyo ni njia isiyo na virusi wala aibu, na siku mtakapotaka kuuza wimbo hamtakuwa na la kuficha.

Halafu kuna wewe, dada, na katika barua yako nzima hujaeleza wewe mwenyewe unataka nini. Umetaja wanachotaka wenzako kwa majina ya programu, ukajieleza kwa neno "mgeni". Ningependa ujiulize jambo hili ukiwa peke yako: siku mjomba amechoka na mdogo wako amepata kazi mbali, ni nani atakayekaa mbele ya kompyuta hiyo usiku akirekodi gitaa? Kama jibu ni wewe, basi uwezo wako wa kuielewa programu una uzito sawa na uzoefu wa mjomba na kasi ya mdogo wako.

Kwa mtu aliye mahali ulipo, Audacity si kitu cha kuonea haya. Ilitoka mwaka 2000, ni programu huria, ni ya bure, na tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 inakuruhusu kuweka madoido na kuyasikia papo hapo bila kuibadilisha sauti ya asili. Kwa kurekodi mwimbaji mmoja na gitaa inafaa sana. Mipaka yake utaiona mtakapotaka kutumia kinanda cha MIDI au kuchanganya traki nyingi zenye mabadiliko mengi ya sauti, kwa sababu haikukusudiwa kazi hiyo.

Hatua inayofuata baada ya hapo ina njia kadhaa. REAPER, iliyotengenezwa na Cockos, hukupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya punguzo inawahusu watu binafsi na biashara ndogo ambazo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000 za Marekani. Leseni moja hukuvusha hadi mwisho wa toleo kuu linalofuata. Ni nyepesi, faili lake la kusakinisha halifiki megabaiti 50, na kompyuta ya kawaida huibeba vizuri. Udhaifu wake ni kwamba haiji na maktaba ya ngoma, vinanda na ala nyinginezo, na mgeni anaweza kupotea kwenye menyu zake nyingi. Mjomba anaweza kukusaidia sana huko, kwa kuwa dhana za traki, njia za kupitishia sauti na madoido ni zile zile anazozifahamu. Ipo pia Waveform Free ya Tracktion, ambayo haikuwekei kikomo cha traki, na ipo BandLab inayofanya kazi kwenye simu na kwenye kivinjari cha intaneti, nzuri kwa kunasa wazo kabla halijasahaulika. GarageBand huenda umeisikia ikisifiwa, na sifa zake ni za kweli, lakini ni ya vifaa vya Apple pekee, sawa na ndugu yake mkubwa Logic Pro. Kwenye Windows hamtaziona.

Nikirudi kwenye kibubu, naona njia tatu mbele yenu, na hakuna isiyo na gharama yake.

Mkinunua programu kubwa ya mmoja kati ya wawili hao, mtapata chombo kamili na mtu mmoja mwenye furaha. Mtakuwa mmebaki na simu kama maikrofoni, na yule ambaye chaguo lake halikuchukuliwa anaweza kujitoa kimyakimya. Mkiweka fedha kwenye maikrofoni, kadi ya sauti na hedifoni, kisha kila mmoja akatumia programu ya bure au ya majaribio anayoipenda, sauti itapanda ubora mara moja na hakuna atakayejiona ameshindwa. Hatari yake ni kwamba kazi itatawanyika: mafaili yenye majina yanayofanana, mtu mmoja ana toleo jipya na mwingine la zamani, na pasipokuwa na mtu wa kutunza utaratibu mtapoteza siku nzima mkitafuta traki moja. Njia ya tatu ni kusubiri kibubu kijae ili mnunue vyote. Ina hekima ya kifedha, lakini tayari imekwisha kula miezi 14, na wewe mwenyewe umeniambia kinachotokea kwa sauti ya mama anapopanda juu.

Mkiamua kununua vifaa, kuna mambo machache ambayo ningependa uyajue ili usitegemee maneno ya muuzaji peke yake. Maikrofoni ya kondensa husikia vizuri mno, na kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi ya sauti. Kwa usikivu wake huo hunasa pia feni, jirani na mwangwi wa chumba kitupu. Maikrofoni ya dainamiki hunasa zaidi kilicho karibu nayo, nayo husamehe chumba kisichotulia. Kama nyumba yenu ina kelele, msidhani kwamba ile nyeti zaidi ndiyo bora kwenu. Kadi ya sauti nayo itakupunguzia tatizo la sauti kuchelewa. Kwenye Windows, kadi yenye dereva wake wa ASIO, yaani programu ndogo inayoiunganisha kadi na programu ya kurekodi bila kuchelewa sana, hukuwezesha kuweka bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128, ambayo kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni chini ya milisekunde 3. Bafa ya sampuli 1,024 huchukua milisekunde 21 hivi, na hiyo ni kabla ya kuhesabu safari ya sauti kurudi kwenye hedifoni. Mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa kiasi hicho huanza kuyumba, naye hajui kwa nini. Ningeumia mama akidhani kwamba amesahau nyimbo zake kumbe ni mashine inayomchelewesha.

Diski nayo msiisahau. Traki moja ya sauti kwa biti 24 na sampuli 48,000 hula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 12 unakaribia megabaiti 415, kabla hamjarudia hata mara moja. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala pengine inastahili kuingia kwenye mahesabu kabla ya programu yoyote, hasa kwa familia iliyokwisha kupoteza picha zake. Na hata programu yenyewe inaweza kuachwa na walioitengeneza: mwaka 2017 kampuni ya Gibson ilisimamisha uendelezaji wa Cakewalk, iliyokuwa imetumiwa na watu kwa miongo, na waliokuwa na miradi yao humo walibaki na hofu mpaka BandLab ilipoinunua mwaka 2018 na kuitoa bure. Ndiyo maana kila wimbo mtakaoumaliza ningeutoa pia kama mafaili ya WAV, traki kwa traki, kwa sababu hayo yatafunguka kwenye programu yoyote.

Kuhusu mjomba. Umeuliza umwambie nani kwamba hakushinda, na swali hilo limenigusa kwa sababu mtu aliyewalea mkiwa yatima si wa kuwekwa kwenye kundi la walioshinda au kushindwa. Nadhani lililomuumiza halikuwa Pro Tools kukataliwa. Liliitwa "la wazee" jambo alilolijenga maishani mwake, likatamkwa na mtoto aliyemlea, na mama yenu akisikia. Huenda mdogo wako anahitaji kwanza kwenda kumwomba radhi kwa lile neno, bila kutaja programu hata kidogo. Nawe, ungeonaje ukimwendea kwa swali badala ya pendekezo? Kwa mfano: "Mjomba, tukimrekodi mama kwenye chumba chake, maikrofoni tuiweke wapi?" Hilo ni jambo ambalo hakuna programu inayolijua na hakuna kijana wa miaka 24 atakayelijibu kama yeye. Sikushauri umbembeleze kwa hila; nakushauri umwombe kitu ambacho kweli mnakihitaji kutoka kwake. Inawezekana akaja bado akishikilia Pro Tools, na ni haki yake. Lakini mazungumzo ya watu wanaofanya kazi pamoja huwa tofauti na yale ya watu wanaosubiri kuanza.

Ninasita kukuambia uchague nini, kwa sababu mimi siishi nyumbani kwenu, na nyinyi ndio mtakaokaa na uamuzi huo. Unaweza kuona kwamba amani ya mjomba ina thamani kuliko maikrofoni, na ukanunua anachotaka, sitakulaumu. Unaweza kuona kwamba mdogo wako, aliye na miaka mingi ya muziki mbele yake, ndiye wa kuwekezewa. Au ukagawanya. Ninachokuomba ni kwamba hesabu ya fedha ifanywe na watu wote watatu wakiwa wamekaa, daftari likiwa wazi, na usiibebe peke yako tena.

Sasa nirudi kwa mama, kama nilivyoahidi. Hakuna kinachokuzuia kumrekodi wiki hii, kwa simu au kwa Audacity, ukijua kwamba ni rekodi ya kumbukumbu na kwamba nyingine iliyo bora itakuja. Chagua saa ambayo sauti yake imetulia, naona wewe unaijua kuliko mimi. Mketishe kwenye chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, kwa sababu vitu laini hunyonya mwangwi. Zima feni, iweke simu kwenye hali ya ndegeni ili isilie katikati ya ubeti, na kama programu ya simu inaruhusu WAV, ichague hiyo. Usiishike mkononi, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama mkono mmoja kutoka mdomoni mwake, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Ukitumia kompyuta, mwache aimbe kwanza ile sehemu yake ya juu kabisa, kisha punguza kiwango mpaka vilele, yaani sehemu zenye sauti kubwa zaidi, vibaki karibu desibeli 12 chini ya kikomo ambapo sauti huanza kupasuka. Sauti ndogo inaweza kukuzwa baadaye. Iliyopasuka huwa vigumu sana kuiponya.

Na usibonyeze kusimamisha mara tu wimbo unapokwisha. Iache mashine iendelee, kwa kuwa mtu mzima akimaliza kuimba hukumbuka aliutunga lini, alikuwa akifanya nini na nani alikuwa hai wakati huo. Akinyamaza mwenyewe, hapo ndipo usimamishe, uliandike faili jina la wimbo na tarehe, na ulihifadhi mahali pawili kabla hujalala.